Wife alikuwa anakamua maziwa wodini, kumbe mtoto ameshazikwa Butiama na nesi anajua

Wakuu, habari za humu ndani.

Hiki ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa na shemeji wa rafiki. Anayetaka kuamini aamini, asiyetaka apite kimya kimya. Hospitali siitaji, na yule nesi simtaji, huko mbele mtaelewa kwa nini. Na wale wa "fupisha uzi" leo mnivumilie, maana hata kuandika kwenyewe nasimama nakaa, nasimama nakaa.

Mimi natengeneza mafriji Musoma, pale Iringo. Kwetu hasa ni kijiji kimoja cha Butiama.

Mimba ya kwanza ya wife ilipokaribia mwisho, mama akaamua wife akakae kwa dada yangu Manyamanyama, Bunda, awe karibu na hospitali. Mama naye akahamia huko amwangalie. Mimi nibaki Musoma nitafute. Kwetu ndivyo ilivyo, uzazi wa kwanza ni mambo ya mama mkwe, mwanaume unapewa taarifa tu.

Uchungu ukaanza jioni, nikapigiwa. Asubuhi nampigia mama, hapokei. Dada hapokei. Nikaenda kazini, nikafungua friji la mteja, nikalifunga, nikalifungua tena bila kugusa kitu. Mteja akaniuliza kama naumwa.

Karibu na mchana mama akapiga.

"Mwanangu, mtoto alikuja hana pumzi. Wa kiume. Tumeshamlaza huku nyumbani. Mkeo hajui, na wewe usimwambie mpaka atoke hospitali. Wazee walikuwaga wanasema mama akimlilia mtoto wa hivyo, hapati mwingine."

Akakata simu.

Niwafafanulie wasio wa kwetu. Mtoto aliyezaliwa hajalia, nyumbani kwetu haombolezwi. Anazikwa asubuhi hiyo hiyo na akina mama watu wazima, wanaume hawaendi, turubai halifungwi. Mama hakulitunga hilo, alilikuta.

Ila jiulize na wewe. Mwenye mtoto yuko wodini, akili zake timamu. Huyo mtoto mama yangu alimpata wapi?

Nilikuja kujua baadaye. Waliuliza pale mapokezi ya leba, mkubwa wenu ni nani? Mama akasema ni mimi hapa. Wakampa, amefungwa kwenye khanga ya wife mwenyewe.

Nikachukua pikipiki. Pale Makutano nikasimama. Kushoto ni Butiama, kwa mwanangu. Mbele ni Bunda, kwa mke wangu. Nililia ndani ya helmeti kama mjinga, watu wa bodaboda wananiangalia. Nikanyoosha Bunda.

Wodini nikamkuta wife amekaa kitandani ameinama, ameshika kikombe cha plastiki. Anakamua maziwa.

Akaniona, akatabasamu. Wakuu, akatabasamu!

"Umefika baba. Mtoto yuko chumba cha joto, wamesema alichoka. Sista ndiye anampelekeaga maziwa. Yanatoka kidogo kidogo, ya njano, ila sista amesema hivyo hivyo yanatosha."

Nikaiweka helmeti chini ya kitanda.

Nesi akaja, binti tu, wa umri wa wife. Akapokea kikombe, akakifunika na kiganja, akaondoka bila kunitazama. Nikamfuata kwenye korido.

"Sista, hayo maziwa unampelekea nani?"

Akaongeza mwendo.

"Nakuuliza, unampelekea nani?"

"Baba, huwa tunafanyaga hivi kulinda presha ya mama. Bibi ndiye aliyeomba. Na mkuu wa zamu akasema tusubiri mpaka apewe ruhusa."

"Kwa hiyo unayafanyaje?"

"Namwaga."

Niliwaka. Nilitaka kuongea maneno ambayo humu moderators wangenifungia. Badala yake nikamwambia, "Twende ukamwambie. Sasa hivi. Mimi sikuwepo, nikimwambia mimi atauliza maswali ambayo sina majibu. Wewe ulikuwepo."

Akakataa. Nikamwambia basi namwambia mimi, halafu akiuliza nitamwonyesha kwako kwa kidole. Mwishowe akakiweka kile kikombe dirishani, tukarudi.

Sasa msikilize alivyofanya, kwa sababu ndiyo maana simtaji jina.

Alivuta stuli akakaa, asimwangalie wife kutoka juu. Akamshika mkono.

"Dada, nilikudanganya. Mtoto hayuko chumba cha joto. Alizaliwa hapumui, tukajaribu kumpa hewa, hakuamka. Mtoto amefariki."

Hakusema "hatunaye." Hakusema "Mungu amempenda zaidi." Alisema amefariki.

Wife hakupiga kelele. Akauliza, "Na maziwa yangu?"

"Nilimwaga. Nisamehe."

Halafu wife, "Ilikuwaje mpaka akafa?"

Mkuu wa zamu alikuwa ameshafika mlangoni. "Sista, njoo mara moja." Binti hakuinuka.

"Mapigo ya moyo ya mtoto yanatakiwa kusikilizwa mara kwa mara. Mimi nilikuwa peke yangu, mama wa kitanda cha pili akawa anatoka damu nyingi, nikabaki naye. Niliporudi kwako, mapigo yalikuwa yameshashuka sana. Nilichelewa. Siwezi kukwambia kama ningewahi angepona, sijui. Ila nilichelewa."

Mimi nikasimama. Siwadanganyi, nilisimama nimpige. Wife akanikamata shati.

"Kaa chini. Muache amalize. Ukimtisha ataninyamazia."

Nikakaa.

Akamgeukia nesi. "Alikuwaje?"

Binti akaanza kulia hapo. "Nilimfuta mimi mwenyewe. Alikuwa na nywele nyingi, mpaka huku shingoni. Vidole virefu. Na sikio lake moja limejikunja huku juu."

Wife akageuka, akaniangalia sikio langu. Ndipo akalia. Nikalia na mimi, maana mpaka pale nilikuwa nasikia habari za msiba tu. Sasa nikawa nina mtoto.

Malalamiko nilipeleka, tukaitwa na wakubwa wa hospitali. Nilitegemea binti ataruka. Aliyarudia yale yale, mbele ya waajiri wake, neno kwa neno.

Wife aliporuhusiwa tukaenda Butiama moja kwa moja. Kaburi liko nyuma ya nyumba, kando ya mihogo. Alikaa chini akamlilia mwanae kwa sauti, kijiji kizima kikasikia, mila ikae pembeni. Mama alijifungia jikoni. Alipotoka akasema, "Mkamwana, nilidhani nakusaidia." Mpaka leo wanasalimiana tu, na mimi katikati yao sina raha.

Nilichojifunza. Manesi mliomo humu, najua mnazidiwa, najua mko wachache. Lakini mwenye mtoto ni mama aliyelala pale kitandani, siyo bibi wala mimi. Aambiwe yeye kwanza, aulizwe kama anataka kumshika, na aambiwe na aliyekuwepo. Hiyo presha mnayoilinda inakuja kupanda nyumbani, sisi ndio tunaishi nayo. Wife hadi leo ukimwambia mtoto wa jirani amelala, anainuka kwenda kuhakikisha.

Na akina baba, mkiambiwa ukweli, msiunyanyulie ngumi. Nilibaki kidogo tu niuzime ule aliokuwa anausubiri mke wangu.

Sasa kinachonikosesha usingizi ndiyo hiki, nishaurini.

Wife ni mjamzito tena, anakaribia. Mimi nataka ajifungulie huku Musoma, hospitali kubwa, vifaa vipo, madaktari wapo. Yeye anataka Bunda, leba ile ile, kwa nesi yule yule. Ameshampigia simu kuuliza zamu zake. Ukoo mzima wanasema amechanganyikiwa, anaenda vipi kwa mtu aliyechelewa?

Juzi nikamuuliza mwenyewe, kwa upole, kwa nini yule jamani.

Akasema, "Huko Musoma watanihudumia vizuri, najua. Ila kikitokea kitu, yule ataniambia."

Mlioko kwenye hiyo fani, na mliopitia haya, semeni.