Siku Niliyomwangukia Mama Mkwe Kutoka Darini

Mpaka leo nikipita mahali penye chokaa mbichi masikio yananiwaka moto, na Zena mke wangu akiwa karibu anageuza uso acheke pembeni, kwa hiyo wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu: mimi Salumu, mnayeniona hapa na kanzu yangu na heshima zangu, niliwahi kumwangukia mama mkwe kutoka darini, tena nikiwa na kitambaa kiunoni tu. Haya, chekeni kwanza.

Ilikuwa enzi za Mdachi, reli imeshafika Morogoro, na mimi nabeba chokaa kwa mafundi waliokuwa wanajenga nyumba ya bwana mmoja wa Kidachi karibu na stesheni. Ndoa nilikuwa nimeshafunga, lakini Zena alikuwa bado kwa mama yake kule juu mlimani, maana nyumba niliyoahidi ilikuwa haijaisha. Na kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Mjomba wake akashuka kutoka Matombo, akaizunguka nyumba yangu mara moja, akasema: "Salumu, hii ni mara ya tatu unaomba muda. Ijumaa naja kuangalia. Nikikuta imekwisha, unamchukua mkeo. Nikikuta bado, Zena anabaki kwao, na mimi na wewe tutazungumza mengine." Hayo mengine kila mtu aliyajua, ni talaka, wala hakuhitaji kuitaja, na mimi usiku ule sikula.

Nje nilikuwa nimemaliza, nyasi juu, mlango umekaa. Kazi ilikuwa ndani: kusiliba kuta kwa udongo, kulainisha chini, na kumalizia dari la kuwekea mahindi juu ya chumba cha ndani. Sasa kazi ya ndani kwetu ni ya wanawake wa upande wa mke, wanakuja na mitungi yao, wanakanyaga udongo, wanaimba, wanasengenya (hasa wanasengenya), na jioni nyumba imekwisha. Mwanamume kazi yake ni kuchota maji na kukaa mbali. Lakini mimi bwana nilikuwa nimeona kuta za yule Mdachi, nyeupe pee, nikasema Zena wangu naye atalala ndani ya nyumba nyeupe. Nikamtuma dada yangu Mwanaidi: "Nenda kawaambie wasije kusiliba, nitamaliza mwenyewe. Waje Ijumaa baada ya sala, waje kutazama tu."

Mwanaidi akaniuliza, "Una hakika, kaka?" Nikamwambia nina hakika. Jamani, ningemsikiliza!

Maana mimi mwenyewe nililelewa hukuhuku, nilipaswa kujua. Kwetu mtu akikutumia salamu kwamba usije kumsaidia, unaelewa kwamba ameelemewa na anaona haya, basi si kuja tu, unakuja mapema zaidi, tena na watu wengi zaidi. Mama mkwe aliposikia ujumbe wangu alisema tu, "Masikini, mtoto wa watu amekwama," akaanza kukusanya mitungi.

Ijumaa asubuhi basi, kuta nimeshazisiliba, niko chumba cha ndani peke yangu na debe la chokaa niliyopewa na fundi na brashi ya katani niliyojifungia mwenyewe. Kanzu na shuka nimeviacha nje kwenye kamba ili visichafuke. Nimejifunga kitambaa kidogo, kile ambacho hata mbele ya mkeo unafikiria mara mbili. Napaka, naimba, chokaa inaruka, inaniingia nywele, kope, mgongo mzima, na mimi nafurahi kama mwendawazimu. Mara nasikia vicheko mlangoni, na sauti moja juu ya zote: "Hodi humu! Mkwe hayupo? Afadhali, tuingie."

Mama mkwe!

Sasa ambaye hajui mila zetu anielewe hapa. Mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Ukimwona njiani unaingia porini, yeye naye anajifunika kanga anageukia upande mwingine. Nguo zangu ziko nje, mlango ni mmoja na wao wamesimama ndani yake, na dirisha nililitengeneza dogo kwa kuogopa wezi, hata paka anapita kwa shida. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikatazama juu. Nikapanda darini.

Nililala kifudifudi juu ya fito, kimya, nikisema watapita tu. Wapi! Waliweka mitungi chini wakaanza kukagua. Nikawasikia wamefika chini yangu kabisa. Shangazi mmoja, ambaye hata mtungi hajautua kichwani, akasema, "Mbona ukuta una mawimbi huu?" Wakacheka. Mama mkwe akawanyamazisha: "Nyie mcheke tu. Mwanamume aliyeshika udongo kwa mikono yake kwa ajili ya mwanangu, mimi sijamwona mwingine. Kaka atasema yake, lakini mimi Zena nampa."

Wallahi machozi yalinitoka kule juu. Ningetulia hapo hapo, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Lakini chokaa ikichanganyika na jasho inawasha, we acha tu, inawasha kama upupu. Ilianza mgongoni, ikashuka, ikafika pale ambapo sipataji. Nikavumilia. Nikauma mkono. Mwisho nikasema nijikune kidogo tu, kidole kimoja. Nikainua kiwiko. Na dari lenyewe kwa haraka zangu nilikuwa nimelifunga kwa kamba za migomba.

Sikusikia hata kukatika. Nilijiona tu niko chini, nimekaa katikati ya mitungi yao, fito shingoni, mweupe kuanzia utosini mpaka kucha.

Mayowe! Shangazi alipita mlangoni na mtungi wake kichwani bila kuudondosha, mpaka leo sijui aliwezaje. Bibi mmoja mzee, miguu haimruhusu kukimbia, aliona mtu mweupe ameanguka mbele yake akapiga goti palepale: "Shikamoo bwana mkubwa! Sisi tumekuja kusiliba tu, hatujaiba kitu!" Na mimi kwa kuchanganyikiwa nikamwitikia, "Marahaba." Bibi mwenye umri wa nyanya yangu!

Sauti ndiyo iliyoniumbua. Mama mkwe alikuwa bado amesimama, akaitambua. Akajifunika kanga kichwa chote, akageukia ukutani, na kwa kuwa haruhusiwi kusema na mimi akausemesha ukuta: "Wewe ukuta, mwambie aliyeanguka, kama ni mkwe wangu, avae nguo."

Wakati huo mjomba ameshaingia kwa kusikia mayowe. Akalitazama dari lililobomoka, akanitazama mimi. "Salumu," akasema polepole, "nyumba hii imekwisha?"

Nifanye nini? Nikasema, "Bado, mjomba. Naomba radhi. Zena mtabaki naye."

Halafu ukuta ukasemeshwa tena: "Mwambie kaka yangu, nyumba nimeikubali. Dari ndilo sikulikubali. Na mwambie mkwe wangu akakae mtoni mpaka tumalize." Mjomba akaitikia, "Haya, ikiisha leo, nimekubali."

Nilikaa mtoni kutwa nzima nikijisugua kwa mchanga, nawasikia kwa mbali wanaimba, na wimbo wenyewe (walitunga siku hiyohiyo) ulikuwa unanihusu. Jioni nyumba ilikuwa imekwisha, kuta zimenyooka, dari limefungwa upya, na Zena amekaa mlangoni kwake. Nilitozwa mbuzi kwa kumwona mama mkwe, au kwa kuonwa naye, mpaka leo hawajaamua lipi lilikuwa kubwa. Tangu hapo watu wakija kunisaidia nawapokea kwa mikono miwili, wakija bila kuitwa nawapokea kwa haraka zaidi. Na nguo zangu, wenzangu, siziachi tena nje.