Ma Dativa na Kompyuta Iliyozimika Katikati

Kila Jumamosi asubuhi, akishamaliza kupalilia sehemu yake ya migomba, Ma Dativa wa Kishanda hunawa mikono hadi viwikoni, huvaa miwani na kukaa mbele ya laptop yake. Simu huilaza dirishani, upande ambao mtandao hushika, akaiunganisha. Kisha huchapa. Hachapi barua wala risala. Huchapa maneno mawili matatu kwenye dirisha jeusi lisilo na picha hata moja, mistari myeupe ikaanza kukimbia, na mumewe, Mzee Alexander, anajua kwamba kwa nusu saa ijayo hata jiko likishika moto atauzima peke yake.

Desturi hiyo ya Jumamosi ni ya zamani kuliko laptop. Ma Dativa alianza kupiga chapa akiwa na miaka ishirini na miwili, Bukoba mjini, katika ofisi ya chama cha ushirika cha kahawa. Ofisi ilikuwa na mashine tatu za chapa, na ya kwake ndiyo pekee ambayo haikuwahi kwenda kwa fundi. Kila Jumamosi kabla ya kufunga alizisugua herufi kwa mswaki mkuukuu, akafuta vumbi, akatia mafuta tone moja moja. Mabosi walibadilika, mashine ikabaki. Halafu zikaja kompyuta na vijana wenye vyeti vya kompyuta, naye akahamishiwa dirisha la kupokea barua. Huko alikaa miaka kumi na zaidi, vidole vikicheza juu ya meza tupu bila yeye kujijua, mpaka akastaafu na kurudi shambani.

Laptop alipewa na Nancy, binti wa kaka yake, mwalimu wa sekondari Bukoba mjini, aliyechoka nayo. Ukiiwasha, ungeweza kubandika maharage na kuyakuta yameiva kabla haijafunguka. Ma Dativa akaipeleka Bukoba, kwenye karakana ndogo karibu na soko, akamkuta fundi wa kike anaitwa Annastella. Msichana yule aliigeuzageuza, akasema, "Mama, hii haijafa. Imebebeshwa mzigo mkubwa tu." Akafuta kila kilichokuwamo, akaweka Linux, ambayo ni bure na nyepesi, na mashine ikaamka kama imetoka likizo.

Wakati anamalizia, Annastella alifungua dirisha jeusi, akaandika maneno kidogo, akataka kulifunga haraka asije akamtisha mzee wa watu.

"Subiri, mwanangu," Ma Dativa akamzuia. "Hapo hakuna kufukuzana na kipanya?"

"Hapana, mama. Hapa ni kuandika tu."

"Kuandika tu?"

"Kuandika tu."

"Basi nifundishe hapohapo."

Annastella alicheka, lakini alipoviona vile vidole vikitembea juu ya herufi bila macho kuvitazama, aliacha kucheka akavuta kigoda. Akamweleza kwamba kila wiki wezi wa mitandaoni hugundua mianya mipya, na kila wiki watengenezaji huiziba. Asiyesasisha mashine yake ni sawa na mtu anayelala na mlango wazi. Ma Dativa akaelewa kwa namna yake: mashine inataka mafuta. Maagizo yote akayaandika kwenye daftari kwa hatimkato, ile mikunjo ya makatibu wa zamani ambayo Mzee Alexander alipoiona aliuliza kama kuku amekanyaga wino.

Tangu siku hiyo Ma Dativa akawa na kazi. Wasifu wa marehemu, ratiba za harusi, maombi ya kazi ya vijana wa Kishanda na hata wa Nshamba, vyote vilipita mikononi mwake. Na kila Jumamosi, mafuta.

Mwaka huu, mwezi wa Machi, mistari myeupe ilileta neno jipya. Ma Dativa alilisoma mara mbili. Lilisema toleo analotumia litaacha kupokea masasisho mwishoni mwa Aprili, na kwamba ahamie toleo jingine. Hilo halikuwamo kwenye daftari. Akampigia Annastella.

"Ma Dativa!" sauti ikaitika kwa furaha. "Umejuaje? Nimejifungua juzi, mtoto wa kiume!"

Ma Dativa alipiga kelele ya shangwe hadi Mzee Alexander akatoka mbio shambani. Habari ya laptop hakuitaja tena. Nani ampe mzazi wa siku mbili kazi ya mashine?

Lakini kumwona mtoto ni wajibu, na siku ya safari Mzee Alexander, aliyekuwa akiufunga mkungu wa ndizi kwa majani makavu, aliuona ule mkoba mweusi begani kwa mkewe.

"Unakwenda kumwona mtoto, au unaipeleka laptop kliniki?"

"Nakwenda kumwona mtoto," alisema Ma Dativa. "Laptop inanisindikiza."

Nyumbani kwa Annastella, mtaa wa Kashai mjini Bukoba, mlango ulifunguliwa na mama mkwe wake, Ma Klaudia, mwanamke mrefu mwenye kitambaa cheupe kichwani na kijiko cha mbao mkononi. Aliupokea mkungu kwa mikono miwili, akashukuru kwa Kihaya, "Wakola, waitu, wakola," akamkaribisha mgeni na kumpa kahawa ya kutafuna. Kisha macho yakatua kwenye mkoba.

"Hicho nini?"

"Kompyuta, waitu. Nimekuja nayo tu."

"Mzazi hagusi kazi humu ndani. Siku arobaini. Hata sindano nimeificha."

"Na ufanye hivyohivyo, dada. Mimi nimekuja kumwona mtoto."

Toka chumbani, nyuma ya pazia, sauti ikasikika. "Ma Dativa! Imekuambia uhamie toleo jipya, sivyo?"

"Mimi sijasema neno!" Ma Dativa akamwambia Ma Klaudia, mikono juu.

Wakajadiliana, watatu, pazia likiwa katikati. Mwishoni Ma Klaudia akatoa hukumu: mdomo wa mzazi ruksa, mikono yake marufuku. Ma Dativa akaingia kwanza kumpakata mtoto, Mugisha, aliyelala amekunja ngumi kama mtu aliyeshikilia nauli. Alimwombea, akamsifia paji la uso, akamrudisha. Ndipo akafungua laptop mezani sebuleni, ambako mtandao ulikuwa na nguvu kuliko wa dirishani kwake.

"Kwanza nakili kazi zako zote kwenye flashi!" Annastella akaagiza toka chumbani.

"Nilinakili jana!"

"Basi anza!"

Akaanza. Saa nzima ilikwenda katika kupakua tu. Ma Dativa hakukaa bure. Alimenya ndizi pamoja na Ma Klaudia, akakimbia mezani kutazama, akarudi jikoni. Kisha mashine ikaanza kuuliza maswali.

"Inauliza nibaki na faili la zamani au nichukue jipya!"

"La zamani!" Annastella akajibu.

Baada ya dakika kumi, swali lilelile kwa faili jingine.

"La zamani!"

Mara ya tatu, kabla chumbani hakujasikika kitu, Ma Klaudia alikuwa ameshajibu kutoka jikoni, "La zamani! Mwambie la zamani!" Na tangu hapo akahamisha kigoda chake, akaja kumenyea ndizi mbele ya kioo. "Arobaini na nane," akawa anatangaza asilimia. "Hamsini. Hii hamsini imekaa sana, Dativa, haijakwama?"

"Haijakwama. Inapumua."

Maswali yalipokwisha, Annastella akapitiwa na usingizi, mtoto ubavuni. Ma Klaudia alichungulia, akarudi kwa kunyata. "Amelala. Tangu juzi hajalala hivi. Asiamshwe hata Papa akija."

Ilikuwa sabini na moja mvua iliposhuka. Mvua ya Bukoba haibishi hodi. Ilipiga bati kama kokoto, radi ikapasuka upande wa ziwani, na friji kwenye kona ikanyamaza. Umeme ulikuwa umekatika.

Betri ya laptop ilikuwa kuukuu kama laptop yenyewe. Kwa kawaida iliweza robo saa. Ma Dativa akampigia Buberwa, mume wa Annastella, ambaye ni seremala na karakana yake inapakana na ile ya mkewe. "Mwanangu, hapo kwa mkeo kuna inveta na betri ya gari. Vilete, mbio."

"Mvua, Ma Dativa."

"Mvua haina umeme ndani yake, mwanangu. Njoo."

Wakakaa wawili wakitazama. Sabini na nne. Sabini na saba. Ma Klaudia akaacha kumenya. Ma Dativa akapunguza mwanga wa kioo mpaka ukabaki kidogo kama wa mshumaa. Sabini na tisa. Themanini na moja. Kisha kioo kikafumba, bila kuaga, na kila mmoja akaiona sura yake mwenyewe katika weusi ule.

"Imekufa?" Ma Klaudia akanong'ona.

"Sijui."

Hilo lilimuuma kulisema. Aliona ratiba ya harusi ya Jumamosi ijayo, ambayo maharusi walikuwa wanaisubiri. Iko kwenye flashi, ndiyo, lakini flashi utaichomeka wapi? Aliuona mkono wake mwenyewe ukicheza tena juu ya meza tupu.

Buberwa alifika amelowa chapachapa, betri na inveta amevifunga kwenye mfuko wa saruji. Akaunganisha waya, taa ya kijani ikawaka, akarudi nyuma. "Kuanzia hapa mimi sijui kitu, Ma Dativa. Nimwamshe mke wangu?"

"Thubutu!" alisema mama yake.

Ma Dativa akabonyeza. Mashine ikanguruma. Ile picha ya kawaida ya milima haikutokea. Yalitokea maneno, meupe juu ya weusi, kioo kizima, na chini kabisa kistari kikipepesa. Ma Klaudia akafanya ishara ya msalaba.

Lakini Ma Dativa akavuta kiti. Kitu kile kilichowatisha wenzake kwake kilikuwa nyumbani. Hakuna picha, hakuna kipanya, kuandika tu. Mashine ilikuwa inaomba jina. Akaandika jina. Ikaomba neno la siri. Akaandika. Ikampa mstari, ikamsubiri.

Akachapa agizo lake la kila Jumamosi. Ikakataa, na ikatoa sentensi ndefu ya Kiingereza iliyoanza kwa herufi kubwa E, ya "error", yaani kosa.

Zamani ofisini walikuwa na bosi anaitwa Mushumbusi ambaye mwandiko wake ulifanana na nyasi zilizopigwa na upepo. Wapiga chapa wengine walikuwa wakisoma maneno mawili, wakachoka, wakarudi kumuuliza, wakafokewa. Dativa alisoma mpaka nukta ya mwisho, kila mara, ndipo akauliza. Na mara nyingi, akifika kwenye nukta, swali lilikuwa limekwisha.

Basi akasoma mpaka nukta. Nusu ya kwanza ya sentensi ilikuwa ya kutisha: kazi imekatizwa. Nusu ya pili ilikuwa inaelekeza, imeandika kabisa, ndani ya alama za kunukuu, maneno ya kuchapa: sudo dpkg --configure -a.

"Imekuandikia cha kufanya?" Buberwa akashangaa, maji yakimdondoka puani.

"Imeniandikia. Ngoja niyanakili kama yalivyo, nafasi kwa nafasi."

Akachapa. Akalinganisha neno kwa neno, kama alivyolinganisha barua za mwenyekiti. Akabonyeza. Kwa pumzi mbili hakikutokea kitu, kisha mistari ikaanza kukimbia, mmoja, kumi, mia, na Ma Dativa akagundua kwamba alikuwa ameushika mkono wa Ma Klaudia kwa nguvu. Mashine ikasimama tena na kosa la pili. Akasoma mpaka nukta. Hilo nalo lilikuwa na agizo lake ndani. Akalichapa. Ikakimbia robo saa nzima, Ma Klaudia akisoma kila asilimia kwa sauti ya chini kama rozari, mpaka ikafika mia.

Akaizima, akaiwasha. Picha ya milima ikatokea, mipya, yenye theluji.

Ma Klaudia akapiga vigelegele vya kusikika hadi nyumba ya tatu.

Mugisha akaamka akilia. Annastella akatoka chumbani macho mekundu, kanga begani. "Kuna nini? Nani amekuja?" Ma Klaudia, mkono mdomoni, alikuwa anamtazama mwanawe kana kwamba ndiye aliyepiga kelele.

Annastella akaona waya wa betri ya gari, akaona mumewe anavyodondoka maji, akaelewa. Akainama kwenye kioo, akamwelekeza Ma Dativa afungue kumbukumbu ya mashine kwenye dirisha jeusi, akasoma yote yaliyotokea. "Ilizimikia katikati," alisema taratibu. "Ma Dativa, nani amekuelekeza?"

"Yenyewe."

"Yenyewe?"

"Imeandikwa hapo, mwanangu. Mimi nimesoma tu."

Annastella akaketi. Akacheka, akafuta macho, akacheka tena. "Wateja wangu wote," alisema, "wananipigia simu wanasema imeandika kitu. Nikiuliza imeandika nini, wanasema wameshaifunga."

Wakala ndizi zile kwa maharage, wote wanne, sahani magotini kwa sababu meza ilikuwa imechukuliwa. Kabla ya kuaga, Annastella akamwomba jambo moja: kwa ile miezi ambayo yeye ananyonyesha, Ma Dativa aje karakana kila Jumanne na Alhamisi, awapokee wateja. Kulala atalala kwa Nancy. Ma Dativa alisema lazima amuulize Mzee Alexander, ingawa moyoni alikwishaamua tangu neno la kwanza.

Jumanne ya kwanza alifika mapema, akafagia, akafuta vumbi meza ya Annastella. Mteja wa kwanza alikuwa bwana mmoja mwenye koti, akaweka laptop mezani kwa kishindo. Akatafuta fundi kwa macho, asimwone ila bibi mwenye miwani.

"Imegoma," alisema. "Inaleta maandishi maandishi."

"Karibu, kaa," alisema Ma Dativa, akimsogezea kigoda. "Yanasemaje?"

"Sijayasoma."

Ma Dativa akaifungua laptop, akaigeuza imwelekee yule bwana, akampa miwani yake. "Basi nisomee, taratibu, mpaka kwenye nukta."

Na bwana akavua koti, akaanza kusoma.