Albamu Iliyochukua Nafasi ya Mama

Sijui nani alimdanganya mume wangu kwamba albamu inaweza kuwa jamaa ya mtu. Ni ya Waingereza, ya zamani kutuzidi sisi wawili, magitaa yanakwaruza kama mabati yakiburutwa kwa lami. Mwimbaji ni mwanamke. Mume wangu na wenzake wa bendi, kule Mwiki, huitaja kama watu wa kanisa wanavyotaja Biblia. "Buda, bila hii hakuna mtu angepiga gitaa hivi," wanaambiana, na majirani wanafunga madirisha.

Kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba, wa pili la mama ya mama, na nyanya husemwa amezaliwa upya. Wa kwanza alipokuja, alipewa jina la mama mkwe bila maswali. Wa pili nilimpata kwa upasuaji, Thika. Nikiwa bado nimelazwa na dawa, bwana akamwambia nesi kwamba mtoto anaitwa kama yule mwimbaji.

Mama yangu akafika kutoka Ngoingwa na thamosi ya uji. "Haya, nimezaliwa?"

"Mami," mume wangu akamjibu, "huyu tumempa jina la msanii. Albamu yake ilibadilisha muziki dunia nzima."

"Ni wa nyumba gani?"

"Ni wa Uingereza, Mami."

"Nimeuliza nyumba."

Akaacha uji, akaenda bila kumshika mtoto. Tumempa! Yeye na nani?

Nikarudi Mugutha na kidonda na hasira. Mama hakukanyaga kwangu. Nikimwambia mume abadilishe jina, ananihutubia: bendi zote zilizotoka kwa hiyo albamu, wasichana walioshika gitaa kwa sababu yake. Basi nikaisikiliza yote nikinyonyesha. Ni nzuri. Hiyo ndiyo iliniudhi zaidi. Mwanamke anapiga kelele kwamba amechoka kupangwa na wanaume, avae nini, acheke lini, awe nani. Na hambembelezi mtu.

Jumamosi nikaingia katikati ya mazoezi yao na mtoto mgongoni.

"Hii kitu mmewahi kusikiza maneno, ama mnasikianga gitaa tu?"

"Mama watoto, tunarekodi."

"Basi rekodi na hii. Huyu ni mama yangu."

Mpiga ngoma akacheka. Mume wangu akaangalia nyaya zake.

Nikaenda moja kwa moja Ngoingwa. Mama alikuwa anachambua maharagwe, hakuinuka. Nikasukuma ungo kando, nikamwekea mtoto mapajani.

"Umezaliwa, Mami."

Akafungua shali polepole, akakagua vidole vya miguu.

"Na baba yake amekubali?"

"Hajaulizwa."