Niliambiwa ningoje kumwota marehemu mke wangu, na usingizi wenyewe ukakataa

Wakuu, nawasalimu wote kutoka Karungu. Nimesoma hapa watu wengi wakilia hawapati usingizi, nikaona na mimi nitoe yangu ya miaka ya tisini. Shule niliacha darasa la tatu, mnivumilie. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Uongo uko mmoja tu ndani, na mkiufikia nitawaonyesha.

Kazi yangu ilikuwa kuezeka nyumba kwa nyasi. Siku hizo mabati ilikuwa ya waliojiweza, na nyasi nzuri tulifuata mpaka upande wa Migori, ile ndefu isiyooza haraka... haya, turudi.

Mke wangu, Mama Achieng', aliugua karibu mwaka mzima. Usiku nilikaa macho nikisikiliza pumzi yake. Ikikawia, naamka, naweka mkono kifuani.

Halafu usiku mmoja nikalala. Kuamka, ameshaenda.

Tukamzika. Sasa kwetu Wajaluo, hasa zamani, mwanamume akifiwa na mke haingii boma ya mtu mpaka amwote huyo mke, wako pamoja kama mume na mke, mnanielewa. Hiyo ndoto ndiyo inamfungua. Bila hiyo, ukiingia kwa watu unawaachia mkosi.

Fikirini basi, fundi wa nyumba asiyeweza kuingia kwa mtu. Watoto wangu watatu wakawa wanakula kwa kaka yangu.

Na kuota ni mpaka ulale. Nilijaribu pombe kali, chang'aa, ikaniumiza kichwa tu. Tablets za dispensary zikanifanya nisinzie shambani mchana, usiku macho kavu. Nililima mpaka mikono ikatoka malengelenge. Wapi.

Kila asubuhi mke wa kaka yangu alikuja mlangoni. "Shemeji, amekuja?"

Nasema bado.

"Kwani mlikosana? Hata kwa ndoto anakukwepa?"

Alikuwa anatania tu, tumezoeana. Lakini hayo maneno yalinikaa.

Mwezi wa pili ukiisha nikamwambia ndiyo, amekuja. Uongo ndio huo.

Nikarudi kazini. Lakini nikiwa juu ya paa naona watoto wa wenyewe wanacheza hapo chini, nawaza, hawa nimewaletea nini? Hata kale kausingizi ka alfajiri kakapotea. Siku moja nikateleza, nikashikwa na mwenzangu kwa shati. Nikajua hivi nitaanguka nife, watoto wabaki bila mama na baba.

Nikaenda Asumbi kwa mama mkwe. Nikasimama nje ya lango, nikakataa kuingia. Akatoka mwenyewe na vigoda viwili. Nikamwambia yote, kwamba sijaota, nimedanganya. Na kwamba mtoto wake alikata roho mimi nikikoroma.

Alisogeza kigoda chake karibu na changu. Halafu akasema, "Baba Achieng', nilipokuja kumwona aliniambia, mama, huyu mtu halali. Nikimsikia anaamka nafunga macho, navuta pumzi pole pole, ndio aamini nimelala, na yeye alale."

Wakuu, mwaka mzima nilikuwa nasikiliza mtu anayejifanya amelala kwa ajili yangu.

"Hiyo kulala yako ndiyo alikuwa anatafuta," mama akasema.

Nakumbuka nimeegemea ua, jua la saa nane. Kuamka, jua linazama, leso ya mama imenifunika miguu, na yeye bado amekaa hapo, anafukuza kuku wasinipigie kelele.

Nyumbani nikasema ukweli. Nikaacha kazi, nikangoja upya. Ndoto ilikuja mvua ikianza, na yaliyokuwa ndani sitaandika.

Mimi si daktari. Nasema tu, ukikosa usingizi, jiulize unaogopa nini kitatokea ukiwa umelala, umwambie mtu ambaye jambo lile linamuuma kama wewe.

Mliowahi kuuguza mtu nyumbani, nyinyi mlirudije kulala? Andikeni, nasoma pole pole lakini nasoma zote.