Gauni la Mama Mkimbizi

Mwaka wa 1994, chuo kimoja cha ufundi mjini Migori kiliandaa mchezo wa kuigiza ili watu wayajue masaibu ya wakimbizi wa Rwanda. Dolphine, mwanafunzi wa ushonaji, alikuwa amekariri maneno yote ya mama mkimbizi, lakini mwalimu alimpa mwanafunzi mwenzake, Bathsheba, nafasi hiyo. Dolphine akaagizwa kushona gauni la mama huyo. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki, naye akalishona kwa pindo nyoofu, bila dosari.

Sokoni Homa Bay, walikokwenda kuigiza, kabla ya mchezo kuanza, Bathsheba alilivaa gauni, akajitazama, akacheka.

“Dada, hili ni la harusi! Mkimbizi gani huyu anayetoka kwa fundi?”

Akaushika mkono wa gauni, akauchana hadi begani.

Mchezo ulipoanza, Dolphine aliomba kimoyomoyo watu wamzomee Bathsheba. Hawakumzomea. Wauzaji wa omena, dagaa wa ziwani, waliacha kupima, na mama mmoja akafungua leso yake kiunoni, akamfunika Bathsheba bega huku akilia. Wengine wakaanza kuleta nguo na unga wa kupelekewa wakimbizi.

“Wamenipenda, sivyo?” Bathsheba aliuliza baadaye.

“Wamewahurumia wakimbizi,” Dolphine akamjibu kwa ukali.

Alisema kweli. Hata hivyo, alitamani leso ile ingekuwa imefunika bega lake yeye.