Dada kaiosha alama ya daktari

Leo dada yangu Zuhura kaosha alama iliyomchukua daktari nusu saa kuipata. Kaniruhusu mwenyewe niandike.

Tulikwenda kutoa kijiti cha uzazi wa mpango, maana anataka mtoto wa pili. Nesi akapapasa mkono, hakukihisi.

"Kata tu, utakikuta," dada akasema.

"Bi Zuhura, huu ni mkono, si shamba la muhogo. Sikati nisichokiona."

Akatupeleka kwenye altrasaundi. Kijiti kikaonekana, kimezama ndani. Daktari akachora alama kwa kalamu juu yake, tukaambiwa tusubiri kuitwa.

Ikaadhiniwa Adhuhuri. Dada akaenda kutawadha. Mnaomjua mnajua, anasugua mpaka begani.

Alama kwisha.

(Nani mwengine ana dada kama huyu?)

Tukapanga foleni upya. Alipochorwa tena, nesi akanigeukia: "We mdogo wake, ushike mkono huu juu. Usiguse maji."

Miaka yote ya shule sikuwahi kunyoosha mkono darasani. Leo nimenyoosha wa dada, korido nzima ikitutazama, mpaka tukaitwa.

Kijiti kimetoka kizima. Mkono unaouma ni wangu.