Nilimwambia Shemeji Breki Ziko Sawa

Jumapili, tarehe kumi na tisa. Asubuhi jua kali. Mchana mvua ya mawe, si nyingi, halafu ukungu ukakaa juu ya kilima mpaka jioni.

Nimekosa. Naanza na hilo kabla sijaanza kujitetea, maana najijua. Nikipewa nafasi ya kueleza, nitaeleza mpaka mwishowe uone ni mvua iliyokosa.

Mimi ni fundi wa baiskeli, upande wa Nyanchwa, hapa Kisii. Shule niliachia darasa la nane, kwa hivyo mkikuta nimeandika ovyo mnivumilie. Huwa naandika mambo ya siku kabla ya kulala, ya kusoma mwenyewe. Haya ya leo nimeona niyatoe nje. Jina langu siweki, na ya wengine nimebadilisha.

Kazi inayojulikana kwangu ni hii. Zile baiskeli za maunteni kuukuu, za chuma, zinazokuja na mitumba, nazinunua soko la Daraja Mbili, natoa ule usukani wake ulionyooka na kuweka wa resa, ule uliopinda kwenda chini. Vijana wanazipenda. Baiskeli ya resa yenyewe ni ghali na tairi zake nyembamba haziwezi barabara zetu. Hii yangu inapita tope, na bado kijana anainama kama mkimbiaji wa mashindano. Kwa sababu ya ule usukani, uliojikunja kama pembe za kondoo dume, watu wanaziita kondoo. Nikipita sokoni mama mmoja wa ndizi huniuliza kama kondoo wangu wamezaa.

Niliipenda hiyo sifa. Niseme ukweli, niliipenda kupita kiasi.

Sasa kuna jambo moja kuhusu breki ambalo lazima mlielewe, hata kama hamjawahi kushika spana. Mikono ya breki inayokaa kwa usukani wa resa huvuta waya kidogo. Breki za maunteni za zamani kabisa zinatosheka na huo mvuto mdogo. Lakini zile zilizokuja baadaye, zenye miguu miwili mirefu iliyosimama kando ya tairi, zinataka waya uvutwe sana. Ukiziunganisha hivyo hivyo, mtu anafinya mpaka vidole vinagusa usukani na raba bado haijabana rimu vizuri. Kwenye tambarare baiskeli itasimama. Kwenye mteremko itakucheka.

Dawa yake iko. Ni kigurudumu kidogo, kama cha kupitishia uzi, unakiweka pale waya unapoingia kwenye breki. Kinaongeza mvuto. Mimi nilikuwa najua hayo yote. Sikukosa kwa kutojua. Laiti ningekosa kwa kutojua!

Mdogo wa mke wangu, nitamwita Makori, ni fundi wa nguo. Anashona sare za shule, na mkasi wake unakata kitambaa kama mtu anayechora. Miezi kadhaa iliyopita alitaka kondoo wake. Kuna kikundi cha vijana ambao wikendi wanatoka Kisii mpaka Nyamira na kurudi, wakifukuzana, na yeye alikuwa amechoka kubaki nyuma na ile baiskeli yake nzito. Aliniletea maunteni nzuri sana ya kijani. Breki zake zilikuwa za ile aina ya miguu mirefu.

Nikamwambia nitamaliza Ijumaa. Sikuwa na kile kigurudumu, nikapanga kukitafuta sokoni. Wiki ikapita na kazi zingine, sikukitafuta.

Ijumaa hiyo ilinikuta bado nafunga waya na jua liko karibu kuzama.

Sisi ni watu wa Sabato. Ijumaa jua likizama spana zinawekwa chini, mtu anaoga, nyumba inakuwa imefagiliwa na chakula kimepikwa, mnaimba. Wakati fulani nyuma mzee wetu wa kanisa alinipata na mikono ina grisi na giza limeingia. Hakunigombeza. Alisimama tu akaniuliza kama nimepoteza saa. Tangu hapo nilikuwa naogopa. Na mwaka huu jina langu lilikuwa limetajwa kwa ushemasi, lilikuwa bado kusomwa mbele ya kanisa. Mnaona basi.

Makori yeye ni Mkatoliki, kama nyumba yao yote. Mke wangu ndiye alihamia kanisa letu. Kwa hivyo Jumamosi kwake ni siku ya baiskeli.

Alifika akiwa na haraka na utani wake wa kila siku. Akaniambia nifanye upesi kabla polisi wa Sabato hawajanikamata. Nikiangalia barabarani, namwona mzee wa kanisa anapanda na Biblia kwapani, anaenda kwenye maombi ya kufungua Sabato.

Nilikuwa nimesogeza raba karibu sana na rimu ili breki zionekane zinashika. Nilikuwa nimesukuma baiskeli kwa mkono hatua chache na ikasimama. Sikuwa nimeipanda. Huwa nazipeleka mpaka ile kona ya chini na kurudi kabla ya kumpa mtu, kila moja, hata ya mtoto. Hii sikuipeleka.

"Iko sawa?" Makori akauliza.

"Iko sawa," nikamwambia. "Breki ziko sawa. Enda."

Ningeweza kusema, usiteremke nayo, nipe mpaka Jumapili. Ni maneno mangapi hayo? Lakini angeniuliza kwa nini, na ningesimama hapo kueleza mambo ya kazi, na mzee alikuwa ananikaribia. Nikafunga kibanda. Mzee alipofika nilikuwa napangusa mikono. Tukasalimiana vizuri, na mimi nikafurahi moyoni kwamba amenikuta msafi.

Kesho yake nikiwa kanisani, Makori akawa anateremka barabara ya Nyamira na mvua inanyesha. Kuna mahali barabara inapinda halafu kuna daraja. Mama aliyebeba mkungu wa ndizi alikuwa anavuka. Makori akafinya breki, zikaenda zote mpaka kwa usukani, baiskeli ikaendelea. Akageuza ili asimgonge yule mama, akaingia kwenye mtaro wa mawe na mkono wa kulia ukawa chini yake.

Kifundo cha mkono kilivunjika vibaya. Walimpasua, wakaweka chuma. Mpaka leo kidole gumba na cha shahada havikutani. Fundi wa nguo asiyeweza kushika mkasi.

Kama ingeishia hapo ningesema nimekosa kwa haraka, watu hukosa kwa haraka. Haikuishia hapo.

Jumapili wenzake waliniletea baiskeli kibandani, wakaiegemeza wakaondoka. Gurudumu la mbele limekunjika. Nikakaa nikaiangalia. Halafu nikaenda Daraja Mbili. Kile kigurudumu ambacho sikuwa nimekipata wiki nzima nilikipata asubuhi moja, na si kimoja, viwili. Nikabadilisha gurudumu la mbele, nikaweka vile vidude, nikafunga waya upya. Nikaipeleka mpaka kona ya chini. Breki zikawa kali kabisa.

Nilijiambia namtengenezea ndiyo akipona aikute nzima. Si uongo, nililiwaza hilo pia. Lakini nilipomaliza nilichukua kitambaa nikapangusa hata alama za spana. Mtu anayetengeneza kwa wema hapangusi alama za spana.

Jioni akaja binamu yao mkubwa kuangalia. Akafinya breki, akafinya tena, akasema hizi zingeweza kusimamisha lori. Akasema kijana alikuwa anaendesha kwa kichwa chake, hakushika breki. Niwe mwenye haki: ni kweli Makori huenda kasi, kila mtu anajua. Ndiyo maana lilikuwa rahisi kuaminika. Mama yao alimwambia akiwa bado amelala hospitalini kwamba amejimaliza mwenyewe, na karibu aue mama wa watu. Mimi nilikuwa nimesimama pale, nimeshika mfuko wa machungwa. 

Alipotoka hospitalini alikuja kibandani, mkono umefungwa shingoni. Akafinya breki kwa mkono wa kushoto.  Akafinya tena.

"Shemeji," akasema, "mbona mimi nakumbuka nilizifinya mpaka mwisho?"

Hapa ndipo ninapoona aibu kuliko pote. Nikamjibu kwa sauti ya upole, kama mtu mzima anayemhurumia.

"Mtu akianguka akili huchanganya mambo. Usijisumbue."

Akaitikia kwa kichwa, akaisukuma baiskeli yake kwenda nayo. Aliniamini! Kuanzia siku hiyo nikamwona anabadilika. Anaanza kusema jambo halafu anasimama, anauliza dadake kama kweli lilikuwa hivyo. Akisimulia ile ajali anasema, sijui kama nilishika breki, wanasema sikushika. Mtu aliyekuwa anapima kiuno kwa macho tu, akawa anapima kitu kimoja mara tatu na bado anamwuliza mwanafunzi wake.

Na mimi? Jina langu lilisomwa kanisani. Nikakubaliwa. Nimekuwa napitisha sahani ya sadaka kwa mikono hii.

Leo sasa. Mvua ya mawe ilipotulia nilisikia mtu mlangoni. Ni Makori, amelowa, ameisukuma ile baiskeli ya kijani mpaka juu kwa mkono mmoja. Mke wangu alikuwa amekaa jikoni anachambua mboga ya chinsaga, mlango wazi, anatuona.

Akaegemeza baiskeli ukutani. Akasema niiuze, yeye hataki tena kupanda kitu kinachomtegemea yeye kusimama. Nikamwambia aingie apate chai. Hakuingia kwanza. Akasema kuna jingine. Amesikia vijana siku hizi hawaleti baiskeli kwangu sana, wanasema kondoo zinaua.

"Unisamehe, shemeji," akasema. "Uzembe wangu umekuharibia kazi."

Nilikaa chini.  Nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga kwa miezi, ya kuanzia mbali, ya Sabato na mzee na jua. Hayakuja. Nikamwambia tu kwamba breki hazikuwa zinafanya kazi siku ile, nilijua, na nilizitengeneza baada ya yeye kuanguka.

 Nilidhani atanipiga, na mkono wa kushoto anao. Aliuangalia ule wa kulia, akajaribu kuukunja.

"Kwa hivyo nilishika."

"Ulishika."

"Nilishika zote mbili."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nawaambia," akasema. Hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa analia, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyerudishiwa kitu.

Mke wangu alikuwa ameacha kuchambua mboga. Alisema jambo moja tu, kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, na polepole. Aliniuliza kama nilikuwa nimesimama pale siku mama yao alipomwambia mtoto wake maneno yale. Anajua nilikuwa. Tulikwenda pamoja, machungwa alinunua yeye. Nikamwambia ndiyo. Akaendelea na mboga yake.

Kesho nitakwenda kwa mama yao na kwa binamu. Mzee wa kanisa pia nitamwambia, na ushemasi wauchukue, niliupata nikiwa nimeficha kosa hili. Na sitaki mtu asome hapa aseme Sabato ndiyo ilimvunja Makori. Hapana. Sabato iliniambia niache kazi. Haikuniambia niseme kazi imeisha. Hilo nililisema mwenyewe, kwa sababu ya mtu aliyekuwa anapita barabarani.

Wewe fundi unayesoma, wa baiskeli, wa nyumba, wa stima, wa chochote. Kazi ikiwa haijaisha, mwambie mwenyewe haijaisha, akasirike, aende akakuseme. Hasira ya mteja hupita. Na wewe ambaye si fundi, lakini uko na mtu anayebeba kosa lako na hajui: unafikiri umemwachia lawama tu. Mimi nilimwachia Makori lawama, na pamoja nayo nikamchukulia kumbukumbu yake, akawa hajiamini hata kwa kile alichofanya kwa mkono wake. Mwambie leo. Usingoje aje kukuomba msamaha! Hiyo sijui nitaibeba mpaka lini.

Makori alibaki kula, kwa sababu dadake alimwambia abaki. Tulikula ugali wa wimbi na chinsaga iliyopikwa na maziwa. Tangu aumie mimi ndiye humkatia ugali vipande vidogo avichukue kwa kushoto, ni kama imekuwa kazi yangu hapa mezani. Nikanyoosha mkono nimkatie. Akaisogeza sahani yake upande wa dadake.